Methanoli Itiwe Rangi Kabla ya Kutoka Bandarini

Kila vifo vya pombe haramu vinapotangazwa Kenya au Uganda, lawama huwaangukia wapikaji wa chang'aa na waragi, kana kwamba sumu ilizaliwa ndani ya mitungi yao. Mimi sikubaliani. Sukari au nafaka ikichachushwa hutoa methanoli, alkoholi yenye sumu, kidogo mno, isiyoweza kuua mtaa mzima; vifo vya mkupuo, kama vile vya Nairobi mwezi Novemba 2000, vilivyopita 100, au vya Mei 2014 katika Embu, Kiambu na kaunti nyingine, hutokana na methanoli ya viwandani inayomiminwa kwenye pombe ili kuiongezea ukali kwa gharama ndogo.

Kiwandani, kimiminika hiki kina heshima yake. Hutengenezwa hasa kutokana na gesi asilia, kisha hugeuzwa kuwa fomaldehaidi ya gundi za plaiwudi, hutumika katika kutengeneza dizeli ya mimea, na huyeyusha rangi na vanishi. Huchemka kwenye nyuzi 65 hivi za Selsiasi, hushika moto upesi hata katika joto la kawaida, na mwali wake hauonekani vizuri mchana, hivi kwamba mfanyakazi anaweza kuusogelea bila kujua. Hupenya ngozini pia.

Balaa yake kubwa ni kwamba kwa macho, pua na ulimi wa mnywaji haitofautiani vya kutosha na ethanoli, alkoholi ya kawaida ya pombe. Ini, likitumia kimeng'enya kile kile kinachovunja ethanoli, huigeuza kuwa fomaldehaidi na hatimaye asidi ya fomiki, ambayo hushambulia neva za macho. Mililita 10 tu zinaweza kumpofusha mtu. Dalili nzito huchelewa, mara nyingi kwa saa 12 hadi 24, na katika muda huo mgonjwa hudhaniwa amelewa tu huku majirani wakiendelea kununua kutoka pipa lile lile. Tiba ipo: fomepizoli, au ethanoli yenyewe kwa vipimo vya daktari, kwa kuwa kimeng'enya huipendelea kuliko methanoli, pamoja na kusafisha damu kwa mashine. Lakini hospitali nyingi za mashinani hazina mashine hizo, na misako ya polisi vilabuni haizileti.

Kwa hiyo ningeanzia bandarini. Spiriti ya kuwashia moto hutiwa rangi na kemikali chungu ili isinyweke. Sioni kwa nini methanoli, iliyo hatari kuliko hiyo, iuzwe ikiwa angavu kama maji. Viwanda vinavyohitaji iliyo safi vipewe leseni maalumu na vitoe hesabu ya kila pipa, kilichoingia kilinganishwe na gundi au vanishi iliyotoka. Hesabu hiyo ni ya lazima, kwa sababu mjanja mwenye mkaa wa kuchujia anaweza kuiondoa rangi, lakini pipa lililopungua daftarini litamlazimu mwenye leseni kueleza lilikokwenda.