Suti Yangu Mezani kwa Askofu

Shemeji aliponiambia Jumamosi tunakwenda kwenye kasri la askofu mkuu, nilitoa suti. Mtu huendi kwa askofu na kaptula. Akanitazama kuanzia tai hadi viatu. "Umependeza, shemeji," akasema, kisha akageukia dirisha haraka, mabega yanamtikisika. Hapo ningeshtuka. Mume wa dada ni mtani, na mtani hasifii bure.

Tukapanda treni Munich hadi Salzburg, Austria. Kasri linaitwa Hellbrunn. Lilianza kujengwa mwaka 1613 kwa amri ya Markus Sittikus, askofu mkuu aliyekuwa pia mtawala wa eneo lile. Alilitumia kujiburudisha mchana tu, ndiyo maana halikuwekewa chumba cha kulala. Askofu huyo alipenda sana mzaha, ila hilo shemeji hakulitaja.

Bustanini kuna meza ndefu ya jiwe, imezungukwa na vigoda vya jiwe. Mwongozaji akaomba watu wa kuketi. Kimya. Wazungu kadhaa walivaa makoti ya mvua jua likiwaka, nikawahurumia: utabiri wa hali ya hewa umewadanganya.

"Kaa, shemeji. Mgeni ni wewe."

Nikafungua kifungo cha koti, nikaketi, nikaweka viganja mezani kama mwenyekiti wa kamati ya harusi. Mwongozaji akasema jambo kwa Kijerumani, watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa adabu.

Kumbe kigoda kina tundu.

Maji yalipanda bila hodi, ya baridi, yakafika ambako hata fundi wa suti hakupima. Nilitoa sauti ambayo sikujua ninayo. Nikakimbilia ukutani kujificha, na pale kulikuwa na kichwa cha kulungu. Kikanitemea kwa mdomo na kwa pembe.

Shemeji alisimama ubavuni kwa mwongozaji, mkavu kama ng'onda. Ndipo akanifafanulia, machozi ya kicheko yakimtoka: kiti cha askofu tu ndicho hakina tundu. Wageni wake walilowa huku wameketi, maana haikuwa heshima kunyanyuka mwenyeji akiwa bado amekaa. Kumbe mimi nilipata nafuu, niliruhusiwa kukimbia.

Mbele kuna jukwaa la vikaragosi lililotengenezwa kati ya 1748 na 1752: mji mzima wa watu wadogo wanaofanya kazi zao, wote wakiendeshwa kwa nguvu ya maji, na kinanda cha maji kinapiga. Kazi nzuri mno, nakiri. Kinanda kikipiga, soksi zangu zinaitikia: kwich, kwich.

Treni ya kurudi ilikuwa nusu tupu, lakini nilisimama mlangoni. Kondakta akanionyesha viti kwa upole. "Danke," nikajibu, ndicho Kijerumani changu chote. Akatazama dimbwi miguuni pangu, akatazama anga safi nje, akamtazama shemeji.

"Hellbrunn?" akauliza.