Sisilia kwa anayeanza: mchezo wa 16 unathibitisha nini?

Barazani Ngamiani, Tanga, bao na drafti ndiyo michezo ya jioni, lakini sataranji nayo ina vijana wake, na wana ubishi usiokwisha: anayeanza, akishika kete nyeusi, afundishwe ulinzi wa Sisilia, yaani kujibu e4 ya mweupe kwa c5 (herufi ni safu ya ubao, namba ni mstari), tangu mwanzo au asubiri?

Wanaoitaka Sisilia hutoa ushahidi mmoja: mchezo wa 16 wa kugombea ubingwa wa dunia, Moscow, 1985. Karpov, aliyekuwa bingwa, mweupe; Kasparov, aliyemgombea, mweusi. Hatua ya 8 Kasparov alitoa kitunda (kete ndogo ya mbele) sadaka. Hatua ya 16 akamkita farasi kwenye d3. Panga ubao ujionee. Farasi yule anachunga c1 na e1, kwa hiyo ngome za mweupe, moja d1 na nyingine f1, hazina pa kupenya. Farasi wa Karpov aliyekuwa a3 akarudi b1, akakosa kazi. Hatua ya 40 Karpov akasalimu amri. Mchezo wa 24 Kasparov akashinda tena kwa nyeusi, tena kwa Sisilia, akawa bingwa akiwa na miaka 22.

Hoja yao ina uzito. Ukijibu e4 kwa c5 humwigi mweupe. Unapata njia yako ya kushinda, hukai kungojea sare.

Lakini mwaka 1986, Brussels, mchezaji wa Uholanzi John van der Wiel alimtolea Karpov sadaka ile ile. Safari hii hatua ya 12 Karpov akapeleka askofu e3, na tangu hapo sadaka hiyo ikapoteza sifa. Basi kilichoshinda Moscow ni farasi pamoja na maandalizi ya Kasparov. Sadaka yenyewe ilikuwa na ufa.

Hapo ndipo ninapowaonea huruma wanafunzi. Kijana amekariri hatua kumi za Sisilia, anazicheza harakaharaka. Mpinzani akisogeza c3 mapema, mkono unabaki hewani. Hana mwalimu wa kumweleza kwa nini kitunda kile kimesogezwa. Kwangu mimi, aanze kwa kujibu e4 kwa e5, ajifunze kutoa kete zake nje na kumficha mfalme, Sisilia ije baadaye.

Mchezo wa 16 asinyimwe, hata wiki ya kwanza. Apangiwe ubao palepale hatua ya 16, apewe kete nyeupe, atafute jinsi ya kumng'oa farasi wa d3.