Kidole cha Mjengo

Saa kumi na moja alfajiri, jogoo hata hajakohoa, gari la spika limeshaegeshwa chini ya ghorofa hapa mtaa wa Pipeline, Nairobi. "Mama mboga, jamaa wa bodaboda, msitusahau debeni!" Debe lenyewe ni Jumanne ya pili ya Agosti 2027, Katiba ndiyo iliyopanga. Unga wa kesho haujapatikana, mtu anakuamshia Agosti ya 2027.

Haya, kujitokeza tutajitokeza. Kituo hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na moja jioni, na saa hiyo ikikupata kwenye foleni huondolewi. Mkondo mmoja, yaani chumba kimoja cha kura, hauzidi wapiga kura 700, kwa hiyo shule moja hukatwakatwa mikondo kwa herufi za majina. Ukipiga foleni ya herufi isiyo yako, muda huo umetoa sadaka.

Lakini kidole, jamani! Ile mashine ya KIEMS, ya kumtambua mpiga kura kwa alama za vidole, haijawahi kutambulishwa kwa fundi wa mjengo. Mzee wa watu anafika mbele, amenyoosha mgongo, kofia kwapani, raia mwema kabisa.

"Mzee, weka kidole."

"Nimeweka, kijana wangu."

"Bonyeza."

Anabonyeza kama anapiga msumari. Kosa hilo: ukikandamiza, mistari ya kidole inalala na mashine haioni kitu. Weka bapa, polepole. Kikiwa kikavu, kipulizie pumzi kidogo. Na kile kioo kipanguswe, maana kimebeba jasho na mafuta ya mandazi ya watu mia mbili tangu alfajiri. Nani atakipangusa? Karani anasema, "Mzee, jipanguse mkono." Mzee anajipangusa kwenye suruali, na suruali ndiyo yenye simiti.

Gumba, kimya. Cha shahada, kimya. Mkono wa pili, kimya. Simiti hula ngozi, na miaka thelathini ya koleo imesaga mistari yote. Karani sasa anamtazama mzee kama aliyekuja na vidole vya kuazima.

Basi inaingizwa namba ya kitambulisho, picha inatokea, ya enzi za nywele. Maajenti wa vyama wanainama: picha, mzee, picha, mzee.

"Ni yeye huyu?"

"Masikio ni yale yale."

Ijazwe Fomu 32A, ile ya waliokataliwa na mashine, mbele ya maajenti hao hao, na foleni nyuma imeanza kukohoa. Anayefuata ni kijana wa shati jeupe, mkono laini haujawahi kubeba hata mtungi wa maji. Anagusa tu, amesomwa! Yaani hata mashine inamtambua haraka asiyefanya kazi, na aliyejenga lile darasa anaulizwa yeye ni nani!

Karatasi ni sita: nyeupe ya rais, buluu ya gavana, manjano ya seneta, zambarau ya mwakilishi wa wanawake, kijani ya mbunge, kahawia hafifu ya MCA, yule mwakilishi wa wadi. Vifuniko vya masanduku vina rangi hizo hizo, ila darasa la balbu moja huwafanya buluu na zambarau kuwa ndugu wa tumbo moja. Na kuna wanaotia sahihi, kama hundi ya benki! Maandishi yanayomtambulisha mpiga kura huifanya kura ikataliwe.

Rais sharti apate zaidi ya nusu ya kura, na angalau robo katika kaunti zisizopungua 24 kati ya 47. MCA yeye anahitaji kumpita mwenzake kwa kura moja tu. Ndiyo maana spika imeelekezwa kwenye dirisha lako.

Ambayo bado inanguruma, kwa taarifa yako. Stima ya kuchajia betri ile wanatoa wapi? Huku ghorofani tokeni ziliisha jana jioni, maharagwe yakiwa nusu kuiva.