Acha barabara mpya, panda ile ya zamani

Kila nikikaa na watu wa baiskeli swali linakuja lile lile, ruti ina kilomita ngapi na inapanda mita ngapi, na mi kila siku nawarudishia swali jingine: ina magari mangapi? Kwa kweli hilo ndo la kwanza kuuliza kama unataka kuendesha milimani, mengine yaje baadaye, maana hata uwe na bonde zuri namna gani mbele yako, kama nyuma kuna lori linanguruma huoni kitu, macho yote yako kwenye ule mstari mweupe wa pembeni na mabega yamepanda mpaka masikioni.

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Kuna siku nilipanda mlima kwa barabara kuu, programu ya ramani ndo ilinichorea hiyo, fupi, lami safi, mwinuko wa kawaida, nikasema poa. Saa nzima ya kupanda, na leo ukiniuliza sikumbuki mti hata mmoja. Nakumbuka joto la injini kwenye mguu wa upande wa barabara, nakumbuka ule upepo, yaani lori likikupita kwanza linakusukuma nje halafu mkia wake unakuvuta ndani kuelekea kwake, na wewe hapo unaenda kilomita nane kwa saa, mwendo ambao baiskeli inayumba yenyewe hata bila kusukumwa na mtu. Nilipofika juu nilikaa chini pembeni, mikono inatetemeka, miguu ilikuwa mizima kabisa.

Wiki chache mbele nikarudi milima ile ile ila kwa barabara ya zamani, ile iliyokuwepo kabla hawajajenga kuu. Nyembamba, haina mstari wa katikati, majani yameanza kula kingo za lami, na katikati kuna utepe wa kokoto ndogondogo pale ambapo matairi ya gari hayapiti. Kona ya pili tu nikasikia cheni yangu inalia. Ilikuwa inataka mafuta, na nadhani ilikuwa inalia hivyo siku nyingi, ila huko kwingine nisingeisikia hata ingekatika. Baada ya hapo nikaanza kusikia vitu vingine, maji yanayopita chini ya daraja dogo kabla sijaliona, ndege, pumzi yangu mwenyewe. Nilipanda karibu mita 200 zaidi ya siku ile na nikarudi nyumbani na nguvu.

Sasa jambo ambalo watu hawalishiki ni kwamba barabara ya milimani haiwi tupu hivi hivi, kuna kitu kimeyaondoa magari, na ukishajua ni kitu gani unaweza kuzitafuta hizi barabara popote. Angalia Gotthard kule Uswisi. Mwaka 1980 walifungua handaki la magari la karibu kilomita 17 chini ya mlima, magari mengi yakahamia humo, na anayetaka kupita juu kwa gari ana barabara pana ya kisasa. Ile ya zamani kabisa upande wa kusini, Tremola, imebaki na mawe yake na kona zake 24 zilizojikunja, na watu wa baiskeli wanatoka mbali kuifuata. Handaki, daraja refu, njia mpya ya mwendo kasi, vyote hivi kila vinapojengwa vinaacha pembeni barabara ambayo lami bado ipo na kazi yake imeisha. Hiyo ndo yetu.

Kitu cha pili kinachofukuza magari ni mwinuko wenyewe, na hapa ndo napishana na wengi. Dereva wa lori anatafuta njia ya mteremko mpole na kona pana, ukimpa kipande cha asilimia 12, yaani kila mita 100 unapanda mita 12, chenye kona ya kujikunja kama kiwiko ataikwepa hata kwa kuzunguka mbali. Kwa hiyo kile kipande kikali unachokiogopa kwenye ramani ndicho kinachokulindia ukimya wa barabara nzima. Mi nikiona kipande kama hicho katikati ya ruti nafurahi, najua zaidi ya hapo hakuna basi wala tela.

Ila uwe na gia za kazi hiyo, usiende kishujaa. Ukiwa na gia ya meno 34 mbele na 34 nyuma, pedali ikizunguka mara moja unasogea mita kama 2.1, maana yake unaweza kuzungusha mara 60 kwa dakika ukaenda kilomita saba na nusu kwa saa ukiwa umekaa, unapumua vizuri, unaangalia bonde. Ukiwa na 39 mbele na 25 nyuma kila mzunguko unakudai zaidi ya mita tatu, utasimama kwenye pedali mlima mzima na magoti yatakusema jioni. Mtu asikwambie gia nyepesi ni za wanyonge.

Na ile namba ya wastani ya mwinuko, aisee, usiiamini. Ukiambiwa kilomita tano kwa asilimia tano unaona mlima wa kawaida, mita 250 basi. Lakini kama kilomita mbili kati ya hizo ni tambarare, zile mita 250 zote zimebanwa kwenye kilomita tatu zilizobaki, hapo ni zaidi ya asilimia nane, mlima mwingine kabisa. Barabara za zamani ndo tabia yao, zilifuata ardhi ilivyo, zinapanda zinashuka zinapanda tena. Soma mistari ya kontua kwenye ramani, ile inayounganisha sehemu zenye kimo sawa, pale inapobanana na barabara inaikata moja kwa moja bila kukunja, hapo jiandae.

Jinsi ya kuzipata mi naanza na picha za setilaiti, naivuta karibu mpaka nione lami yenyewe. Kama haina mstari wa katikati ni dalili nzuri sana, maana yake magari mawili yanapishana kwa kubanana, na dereva mwenye haraka haendi huko. Halafu naangalia kama kuna barabara nyingine inayounganisha sehemu zile zile mbili kwa haraka zaidi, ikiwepo basi hii ya kwangu itakuwa tupu, isipokuwepo nakuwa na wasiwasi hata kama ni nyembamba, kwa sababu wote watapita humo humo tena kwa kubanana. Zile ramani zinazoonyesha wapanda baiskeli wengi wanapita wapi zinasaidia kidogo, lakini mara nyingi zinakuonyesha kule ambako kila mtu anaenda kwa sababu kila mtu anaenda.

Na hilo linanileta kwenye hizi njia maarufu. Stelvio kule Italia ina kona 48 zilizojikunja ukipandia upande wa kijiji cha Prato na inafika mita 2,757, barabara ya miaka ya 1820, uzuri wake hauna ubishi, lakini nenda wikendi ya kiangazi uone pikipiki zinavyopanda kwa makundi. Ndo maana kuna siku katika mwaka wanaifungia magari, baiskeli zipite. Siku hiyo nenda. Siku nyingine nenda alfajiri au tafuta mlima ambao haujulikani, upo, tena haukosi kuwa bonde la jirani tu.

Barabara tupu nayo ina hatari zake nisikufiche. Lile gari moja linalokuja kwa saa linakuja katikati ya njia, dereva naye anajua yuko peke yake, kwa hiyo kwenye kona usiyoona mbele kaa upande wako hata kama hujaona gari tangu asubuhi. Kokoto zinajikusanya kwenye kona, majani yaliyolowa yanateleza kama sabuni, na hakuna wa kukupa lifti wala pengine mtandao wa simu, beba tyubu mbili na pampu. Wakati wa kushuka usishikilie breki mfululizo, zinapata moto, na kwenye breki za rimu, zile zinazobana ukingo wa gurudumu, joto linaweza kupasua tyubu kabisa. Bana kwa nguvu kabla ya kona, achia, ziache zipoe, bana tena.

Nimalizie na barabara ambazo watu wanazikimbia kabisa, zile zisizotokea kokote. Wengi wanataka duara, kurudia njia wanaona ni hasara. Mi naona kinyume, barabara isiyotokea popote haina mpitaji hata mmoja, anayeiingia ni mtu anayeishi humo au wewe, na mandhari hazijirudii hata kidogo kwa sababu wakati wa kupanda bonde lote lilikuwa mgongoni kwako, ukigeuza ndo unalipata lote kwa mara moja, na safari hii huhemi. Ninayoipenda kuliko zote ina kilomita 11 kwenda, vipande viwili vya kusimama kwenye pedali, lami inaishia kwenye geti la chuma lenye kutu. Mara ya mwisho nilihesabu magari mawili, na moja lilikuwa la mzee anayekaa huko juu, alinipungia mkono wakati wa kupanda, akanipungia tena wakati wa kushuka.