Kafyu ya Kenya na "kaa nyumbani" ya Uingereza: ipi ilikuwa sheria?

Kila mada ya korona inapozuka kwenye makundi yetu ya WhatsApp huku Uingereza, wimbo ni ule ule: huku watu walifuata sheria, nyumbani walifuata rungu. Nusu yake ni kweli. Nusu nyingine ni maringo ya ughaibuni, kwa sababu sehemu kubwa ya yale tuliyoyaita "sheria" hapa England haikuwa sheria hata siku moja, na kafyu ya Kenya ambayo wengi huiita ubabe mtupu ilikuwa na notisi, nambari na kifungu.

Tuanze na huku. Jumatatu usiku, tarehe 23 Machi 2020, Boris Johnson alitokea kwenye runinga akawaambia watu wakae nyumbani. Nchi ikafunga milango. Lakini kanuni zenyewe, zilizosainiwa na Waziri wa Afya, zilianza kazi Alhamisi tarehe 26, saa saba mchana. Baa na mikahawa ilikuwa imeshafungwa kwa kanuni nyingine tangu tarehe 21, ila aliyetoka nje kutembea Jumanne ile au Jumatano ile hakuvunja kanuni yoyote ya kukaa nyumbani, maana haikuwepo. Kulikuwa na hotuba tu.

Jambo la pili linalowachanganya watu ni chimbuko la kanuni hizo. Wengi wanadhani zilitoka kwenye Sheria ya Korona iliyopata kibali cha Malkia tarehe 25 Machi. Sivyo. Zilitoka kwenye sheria ya zamani ya kudhibiti magonjwa ya mwaka 1984, kifungu cha 45C, kinachomruhusu waziri kutunga kanuni, na pakiwa na dharura sheria hiyo hiyo inamruhusu aanze kuzitumia kwanza, kisha Bunge liziidhinishe ndani ya siku 28. Sheria ya Korona iliwapa polisi uwezo juu ya mtu anayeshukiwa kuwa na maambukizi, basi. Polisi wakaitumia kwa watu waliokutwa tu barabarani au stesheni. Waendesha mashtaka wa serikali walipopitia mashtaka yaliyofunguliwa chini ya sheria hiyo hadi Mei 2020, yote 44 yalikuwa yamekosewa. Yote. Hao ni polisi wenye mafunzo, wakisaidiwa na mawakili, katika nchi ambayo tunaambiwa kila kitu kinakwenda kwa kitabu.

Sasa kanuni zilisema nini? Mambo makuu mawili: usitoke unapoishi bila sababu ya msingi, na msikusanyike zaidi ya wawili hadharani, isipokuwa watu wa nyumba moja au kwa shughuli kama kazi ya lazima na mazishi. Sababu za msingi ziliorodheshwa, lakini orodha ilitanguliwa na neno lenye maana ya "pamoja na". Neno hilo lina uzito mkubwa kwa mtu aliyeandikiwa faini: sababu yako inaweza kuwa nje ya orodha na bado ikakubalika, mradi hakimu aone ni ya msingi.

Yaliyobaki, mengi yalikuwa mwongozo. Kufanya mazoezi mara moja kwa siku? Kwa England ulikuwa ushauri. Wales waliliandika ndani ya kanuni. Kukaa mita mbili mbali na mwenzako? Kwa raia wa England, ushauri. Wales iliwabana waajiri kwa kanuni. Hapa ndipo wageni wengi tuliteleza, kwa kuwa afya haiko chini ya London peke yake. Uskoti, Wales na Ayalandi ya Kaskazini kila mmoja alitunga zake, na mtu wa Chester aliyevuka kwenda Wrexham alibadilisha sheria bila kubadilisha kituo cha redio.

Januari 2021 marafiki wawili huko Derbyshire waliendesha magari yao mwendo mfupi hadi kwenye bwawa, wakatembea, wakaandikiwa faini ya pauni 200 kila mmoja. "Kaa karibu na kwenu" ulikuwa mwongozo. Faini zikafutwa, polisi wakaomba radhi. Barakoa nazo zilikuwa sheria kamili, kwenye mabasi na treni tangu tarehe 15 Juni 2020 na madukani tangu tarehe 24 Julai, ingawa wapo hadi leo wanaoapa kwamba lilikuwa ombi tu.

Kuna njia rahisi ya kutenganisha mambo haya kwenye maandishi ya serikali ya huku. Palipoandikwa "must", nyuma yake kuna kanuni. Palipoandikwa "should", ni ushauri. Shida ni kwamba mawaziri jukwaani walitumia maneno haya kama mchele na chuya kwenye ungo mmoja, na sidhani ilikuwa bahati mbaya. Mtu asiyejua mpaka uko wapi hukaa mbali nao, na kwa serikali inayotaka watu wabaki ndani hiyo ni faida isiyogharimu kitu.

Nyumbani je? Uhuru Kenyatta alitangaza kafyu tarehe 25 Machi 2020, ianze tarehe 27, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Kati ya tangazo na kuanza, notisi ilichapishwa: Notisi ya Kisheria Nambari 36 ya 2020, chini ya Sura ya 56, ile sheria ya utulivu wa umma, ambayo kifungu chake cha 8 kinampa waziri wa usalama wa ndani uwezo wa kuweka kafyu kwa ushauri wa Inspekta Jenerali wa Polisi. Kwa maneno mengine, Kenya ilikuwa na maandishi kabla ya saa ya kwanza ya kafyu. England haikuwa nayo. Hilo huwa halisemwi kwenye makundi yetu.

Barakoa na marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa, Kwale na Kilifi zilikuja Aprili, zikaingizwa kwenye kanuni za Sheria ya Afya ya Umma, adhabu ikiwa faini isiyozidi shilingi 20,000 au kifungo kisichozidi miezi sita. Ukiunganisha hiyo miezi sita na Katiba unapata kitu ambacho wengi hawakukijua. Ibara ya 49(2) inasema mtu hawezi kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Aliyekamatwa bila barakoa alipaswa kupelekwa kortini ndani ya saa 24, au siku ya kwanza ya korti kukaa, kisha aende kwake kusubiri kesi. Badala yake, kuna waliokamatwa kwa barakoa na kafyu wakatupwa karantini siku 14, na mwanzoni wakadaiwa hata gharama zake. Karantini ni ya mtu aliyekaribiana na ugonjwa. Kuitumia kama jela ni kuigeuza sheria ya afya kuwa pingu, na notisi hazikusema hivyo.

Na rungu? Rungu lilitangulia hata saa. Alasiri ya tarehe 27 Machi, pale kivuko cha Likoni, polisi waliwarushia abiria vitoa machozi na kuwapiga kabla saa moja haijafika, watu wakiwa wanakimbilia feri ili waitii hiyo kafyu. Siku tatu baadaye mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi akiwa kwenye roshani ya nyumba yao Nairobi. Mwanzoni mwa Juni, IPOA, mamlaka inayosimamia polisi, ilitaja vifo 15 vinavyohusishwa na utekelezaji wa kafyu. Hapo sina hoja ya kuitetea Kenya.

Ila tazama mahakama. Chama cha Wanasheria wa Kenya kilikwenda Mahakama Kuu, na tarehe 16 Aprili, siku 20 tangu kafyu ianze, Jaji Weldon Korir akatoa hukumu: kafyu yenyewe ni halali, nguvu iliyopita kiasi ya polisi ni kinyume cha Katiba. Hoja kwamba sheria ya utulivu wa umma ni ya fujo wala si ya magonjwa aliikataa. Aliagiza pia mawakili na maafisa wa IPOA waongezwe kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kutembea usiku. Mimi naona hilo lilikuwa agizo muhimu kuliko vyote, maana haki isiyoweza kutoka nje baada ya saa moja haimfikii aliye seli. Huku, kesi ya kupinga kanuni za lokdauni, ile ya mfanyabiashara Simon Dolan, ilipata uamuzi wa Mahakama ya Rufaa tarehe 1 Desemba 2020, miezi minane baada ya kanuni. Serikali ilishinda. Kanuni zilizolalamikiwa zilikuwa zimeshabadilishwa mara kadhaa na kufutwa kitambo.

Kubadilika huko ndiko kaburi la faini nyingi za England. Mwanzoni kosa lilikuwa "kutoka" nyumbani. Tarehe 22 Aprili likawa kutoka au "kuwa nje". Tarehe 1 Juni likageuka kabisa: kosa ni kulala mahali pasipo kwako bila sababu ya msingi. Afisa aliyeandika maneno ya Aprili kwenye notisi ya faini ya Juni aliandika kosa lisilokuwepo. Kwa hiyo wa kupinga alianzia hapo: tazama tarehe ya tukio, fungua legislation.gov.uk, tovuti ya sheria za Uingereza, chagua kanuni kama zilivyosomeka siku hiyo hiyo, linganisha na kifungu kilichotajwa kwenye karatasi. Si toleo la leo, wala si ukurasa wa mwongozo.

Faini zenyewe zilianza kwa pauni 60, nusu ukilipa ndani ya siku 14, zikijirudufu kila kosa hadi 960. Tarehe 13 Mei 2020 zikapanda hadi 100, na mwandaaji wa mkusanyiko mkubwa aliweza kupigwa 10,000 tangu mwisho wa Agosti. Notisi si hukumu. Ni ofa: lipa ndani ya siku 28 na hakuna kesi. Haikuwa na rufaa ya kawaida. Kupinga kulimaanisha kutolipa na kusubiri mashtaka. Waliponaswa wengi ni baada ya hapo. Barua inakuja ikikupa siku 21 kujibu, mtu amehama nyumba au haelewi Kiingereza cha kikorti, hajibu, na hakimu mmoja anasoma faili peke yake ofisini na kumtia hatiani akiwa hayupo, kwa kiasi kinachozidi ile faini ya kwanza. Kwa mwenzetu anayeomba uraia, tofauti ni kubwa: notisi iliyolipwa siyo hatia, ile iliyopuuzwa hadi kortini ni hatia na lazima itajwe kwenye fomu.

Nisieleweke kwamba mwongozo ni karatasi ya kufungia maandazi. Ulikuwa na mikono ya pembeni. Barua ya kumshauri mgonjwa ajitenge haikumlazimisha kisheria, lakini kuanzia tarehe 16 Aprili 2020 ilimpa haki ya malipo ya ugonjwa kazini. Mwajiri aliyepuuza ushauri wa kutenganisha meza hakuvunja kanuni za korona, ila Sheria ya Afya na Usalama Kazini ya 1974 inamtaka achukue hatua zinazowezekana, na ushauri wa serikali ni kipimo kilicho mezani. Ushauri wa kutosafiri nchi fulani haukumzuia mtu kupanda ndege. Ulifuta bima yake tu.

Tanzania sitaikalia sana. Shule na vyuo vilifungwa Machi 2020 kwa tamko na vikafunguliwa Juni, makanisa na misikiti havikufungwa, na lokdauni haikuwekwa. Swali la sheria au mwongozo halikupata nafasi ya kuulizwa.

Tofauti ninayoiona kati ya huku na kwetu haiko kwenye ubora wa notisi. Iko kwenye bei ya kosa la afisa. Aliyekosea Derbyshire alifuta faini. Boris Johnson mwenyewe, aliyetusomea masharti, alilipa pauni 50 Aprili 2022 kwa mkusanyiko wa Juni 2020, moja kati ya notisi 126 zilizotolewa kwa mikusanyiko ya ofisi za serikali pale Downing Street na jirani zake. Kianjokoma, kaunti ya Embu, Agosti 2021, ndugu wawili walikamatwa kwa madai ya kuvunja kafyu, na miili yao ikapatikana mochari. Maafisa sita wakashtakiwa kwa mauaji. Kafyu waliyokamatiwa iliondolewa tarehe 20 Oktoba mwaka huo huo, kwa hotuba ya Mashujaa Dei. Kifungu cha 8 hakikuondolewa, wala 45C ya huku.