Washiriki Hawajagoma, Hawajaitwa

Viongozi wengi wa makanisa wana lalamiko moja kuhusu utume na misaada ya njaa: washiriki ni wagumu. Tangazo linasomwa Jumapili, fomu inawekwa mlangoni, na siku ya kazi wanakuja wale wale watano. Basi inasemwa kwamba watu wamepoa kiroho. Naona tunawaonea.

Tazama wanavyoitwa. Mhubiri anasoma takwimu ya Umoja wa Mataifa: watu wapatao milioni 673 walikabiliwa na njaa mwaka 2024. Idadi hiyo inatisha, lakini aliyekaa kwenye benchi aifanyie nini? Milioni 673 hawana mlango wa kubishwa hodi. Anainamisha kichwa, anatoa sadaka, anarudi nyumbani na huzuni isiyo na kazi. Takwimu ikisomwa tena, inamchoma kidogo kuliko mara ya kwanza. Ya tatu anaizoea. Hili linanikosesha raha kuliko fomu tupu: sisi wenyewe tunamzoeza mtu kusikia habari za njaa akiwa ametulia.

Sasa mfikirie katibu anayemsogelea mtu mmoja baada ya ibada: "Dada, Jumatano saa kumi nahitaji mtu wa kuita majina wakati wa kugawa chakula. Utaniwezea?" Huyu atakuja. Atashika daftari, atamwita mzee fulani, atamwona akikunjua mfuko aliokuja nao umekunjwa vizuri mfukoni. Wiki inayofuata mzee asipoonekana, yeye ndiye atakayeuliza yuko wapi.

Matendo ya Mitume sura ya 6 inasimulia jambo la karibu na hili. Wajane wa Wayahudi wanaosema Kiyunani walikuwa wanasahauliwa katika huduma ya kila siku, na watu wao wakalalamika. Mitume waliwaambia waumini wachague watu saba, na majina ya wote saba ni ya Kiyunani. Yaelekea kazi ilikabidhiwa watu wa upande uliolalamika. Kamati zetu ngapi zina mtu ambaye nyumba yake inapokea msaada? Huyo ndiye anayejua nani yuko kitandani, nani anaona haya kupanga foleni. Na Filipo, mmoja wa wale saba waliochaguliwa kuhudumu mezani, tunamkuta sura ya 8 akihubiri Samaria.

Wanaotaka kazi hii iachiwe wataalamu wana hoja nzito. Penye maafa, fedha mara nyingi hufika haraka kuliko vifurushi vilivyokusanywa mbali. Asiyefundishwa hupiga picha watoto wa watu, hutoa ahadi asizoweza kutimiza, huanza na jamaa zake. Pia kuna jaribu la kumhubiria mtu kwanza ndipo ale. Kanuni za maadili zilizotungwa mwaka 1994 na Msalaba Mwekundu pamoja na mashirika ya misaada zinakataza kutumia msaada kuendeleza msimamo wa kidini, na kanisa halina sababu ya kuzikwepa. Mwenye njaa apewe chakula hata asipotaka kusali nasi.

Ila makosa hayo yanarekebishika kwa mafunzo ya jioni mbili tatu na msimamizi makini. Wala si kila kazi inahitaji mgongo wenye nguvu. Bibi asiyeweza kubeba chochote anaweza kukabidhiwa nyumba tatu za kupigia simu kila Ijumaa, aulize wameamkaje na nini kimepungua, kisha amwambie katibu kabla ya Jumatano.