Tumlipe Fundi kwa Kutafuta, Si kwa Spea Peke Yake

Kompyuta ya nyumbani ikianza kujizima yenyewe hapa Nairobi, ushauri wa kwanza utakaopewa ni kuifomati, yaani kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Wa pili ni kwamba madabodi, ile bodi kuu inayounganisha vifaa vyote, imeenda. Nimeyasikia majibu haya mara nyingi, yakitolewa kabla kasha halijafunguliwa na kabla mwenye mashine hajaulizwa swali hata moja. Yananiuma, kwa sababu anayeumia ni mzazi aliyejibana miezi mingi kuinunua. Kufomati hakuondoi vumbi wala hakukazi soketi iliyolegea. Kinachofutika ni picha za familia na kazi za shule za watoto.

Swali la kwanza lingekuwa: inajizima vipi? Kuna inayokatika ghafla kana kwamba mtu amechomoa waya. Kuna inayotoa skrini ya buluu kwa muda mfupi kisha ikajiwasha upya. Na kuna inayofunga programu zake moja moja, ikikuandikia kabisa kwamba inazimika.

Hiyo ya mwisho kwa kawaida haina ubovu wowote wa vifaa. Imeamriwa, labda na masasisho ya Windows au na programu fulani. Fungua daftari la matukio la Windows, yaani Event Viewer, utafute tukio namba 1074: litakutajia programu au mtumiaji aliyetoa amri. Ile ya skrini ya buluu nayo huacha msimbo, ila Windows huja ikiwa imepangwa kujiwasha upya, mara nyingi kabla hujawahi kuusoma. Ondoa alama ya kujiwasha upya kwenye mipangilio ya mfumo, sehemu ya Startup and Recovery, na msimbo utakaa pale uupige picha kwa simu. Ukiutafuta mtandaoni, mara nyingi utakupeleka kwenye dreva (programu inayoendesha kifaa fulani) au RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta).

Inayokatika ghafla ndiyo inayosumbua wengi, na ndiyo inayosingiziwa madabodi. Kwenye daftari hilo utakuta Kernel-Power 41, na watu huichukua kama jina la ugonjwa. Inasema tu kwamba kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa ipasavyo. Sababu haiitaji. Lakini ukiikuta peke yake, bila msimbo wa kosa lolote, achana na Windows uende ukaangalie joto na stima.

Tuanze na joto. Mashine nyingi tunazonunua ni mitumba ya ofisi za Ulaya, zile tunazoziita ex-UK. Zimeshafanya kazi miaka kadhaa kabla ya kufika Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki hapa mjini, na pesti, yaani krimu ya kupitisha joto iliyo kati ya prosesa (chipu inayofanya kazi ya kompyuta) na alumini ya kuipoza, imekwisha kukauka. Sisi tunaziweka sakafuni, chini ya meza, karibu na mlango unaoingiza vumbi la barabara na la majengo yasiyoisha kujengwa. Nairobi pia iko mita 1,700 na zaidi juu ya usawa wa bahari. Hewa yetu ni nyepesi, kwa hiyo feni ileile huondoa joto kidogo kuliko ingekuwa Mombasa kwenye hali ya joto sawa. Ikiwa kompyuta yako huzima Februari saa tisa alasiri mtoto anapocheza gemu, na Julai usiku haina neno, basi imeshakwambia inaumwa wapi.

Kuna jirani yangu wa Umoja aliyeambiwa, "Mama, hii madabodi imekufa, tafuta tu ingine." Tuliifungua mashine yake kwenye baraza. Feni ya prosesa ilikuwa ikizunguka vizuri, na nadhani ndiyo sababu kila aliyechungulia alisema iko sawa. Tulipofungua skrubu nne na kuitoa, chini yake mapezi ya alumini hayakuonekana kabisa. Vumbi la kijivu lilikuwa limejishona pamoja na nywele na nyuzi za zulia, likatoka kipande kimoja cha mraba, na upande wa chini lilikuwa na alama za mapezi. Hewa ilikuwa haipiti hata chembe. Pesti ilibaki ukoko mweupe uliobanduka kwa ukucha. Tulisafisha kwa brashi ya rangi na blowa, huku feni imeshikwa kwa kidole isizunguke ovyo, tukapaka pesti mpya kiasi cha punje ya mchele. Mashine ile inafanya kazi hadi leo.

Na ilikuwa sahihi kujizima. Prosesa nyingi za kisasa zikikaribia nyuzi 100 hujipunguzia kasi, na joto likizidi kupanda hukata kila kitu ili zisiungue. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilionyesha video za prosesa zinazotolewa kipozeo zikiwa kazini: Athlon ya AMD iliungua palepale, Pentium 4 ya Intel ikapunguza kasi na kuendelea. Tangu hapo kinga hiyo imekuwa jambo la kawaida. Anayeona kompyuta imekata kwa joto akaamua kubadilisha madabodi anaadhibu kifaa kilichojiokoa.

Stima ni habari nyingine. Umeme wetu ni wa 240 V na 50 Hz, maana yake mzunguko mmoja huchukua milisekunde 20. Pawasaplai ya kompyuta, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani, imeundwa kushikilia kwa milisekunde 16 au 17 hivi umeme unapokatika. Mzunguko mmoja tu ukipotea, jambo ambalo jicho laweza kuliona kama taa kupepesa, mashine yaweza kuzima huku televisheni ikiendelea. Kapasita za pawasaplai, zile zinazohifadhi chaji, zikizeeka, hata muda huo mdogo hupungua. Sasa fikiria ploti yenye nyumba nyingi zinazotegemea waya mmoja mkuu, na kila asubuhi watu wanafungulia shawa za umeme. Shawa moja ya wati 5,500 huvuta karibu ampea 23. Taa zinafifia, kompyuta inakatika, na lawama inakwenda kwa Windows.

Kwa hiyo andika saa. Kila inapozima, andika ni saa ngapi, ulikuwa ukifanya nini, na kama taa zilipepesa. Kisha ichomeke moja kwa moja ukutani, bila ekstensheni, uone. Gusa plagi baada ya muda: ikiwa ya moto au ina harufu ya plastiki, soketi imelegea, na hilo ni la kushughulikiwa siku hiyohiyo kwa sababu laweza kuchoma nyumba. Kama fundi anayo pawasaplai isiyo na ubovu ya kujaribia, akuazime siku kadhaa. Ila pawasaplai yenyewe usiifungue nyumbani, hata ikiwa imechomolewa. Kapasita kubwa ndani yake huhifadhi zaidi ya volti 300.

Yote haya yanataka muda, na hapa sisi wateja tuna deni. Hatutaki kulipia muda wa fundi. Akikaa na mashine saa tatu, akapima joto, akajaribu RAM kipande kimoja kimoja, kisha akasema "ni vumbi tu", tunamlipa nauli na kumwona mwizi akiomba zaidi. Akituuzia madabodi tunalipa maelfu bila kunung'unika, maana tumeona kitu kwa macho. Fundi ana kodi ya kibanda na watoto. Tumemfundisha kwamba riziki yake iko kwenye spea, naye amejifunza.

Napendekeza tukubaliane ada ya uchunguzi kabla mashine haijaachwa mezani, ilipwe hata pasipouzwa kitu, na fundi aandike kwenye karatasi alichopima na alichokuta. Akibadilisha kifaa, akurudishie cha zamani. Afomati tu baada ya kukuuliza kama umehifadhi kazi zako kwenye diski nyingine. Na akipima kutwa nzima kisha akuambie kompyuta haina kasoro, tatizo ni soketi ya sebuleni kwako, mlipe ada yake yote.